Mgongo Uliokatwa na Jina Nililoitikia

Kitengela, Jumatano, katikati ya Oktoba. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi bila kufanya lolote. Upepo unatoka upande wa Kisaju na kuleta vumbi la barabara ya Namanga hadi kwenye meza ninayoandikia. Nimelifuta, likarudi, nimeliacha.

Niwieni radhi kwa kimya changu. Ni kirefu, na sina udhuru unaokitosha. Baadhi yenu mliniandikia kuuliza kama ningali hai. Niliyasoma maswali yenu na sikuyajibu, jambo ambalo nisingemruhusu mwanafunzi wangu yeyote kulifanya. Msidhani kwamba nililemewa na huzuni. Ningekuwa na huzuni ningeiandika, kwa kuwa huzuni huandikika. Sikuwa na kitu.

Kwa wanaofika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, Mkamba wa Makueni, niliyeolewa na Mmaasai wa Kajiado. Kwa miaka mingi mimi na mume wangu tulipanda mgongo wa mlima ulio nyuma ya boma la kwao, ng'ambo ya mji wa Kajiado, kuangalia ndege na miti. Yeye aliona, mimi niliandika. Macho yake yalikuwa mazuri kuliko yangu na Kiswahili changu kilikuwa kizuri kuliko chake, kwa hiyo hatukugombea kazi. Kisha akaugua, akalazwa, akafariki. Tulimzika hapa Kitengela, nyuma ya nyumba, kama alivyotaka.

Tangu alipougua sikuwa nimekanyaga kwenye mgongo ule. Jana nilikwenda.

Nilikwenda kwa sababu shemeji yangu Lekishon, mdogo wa marehemu, alinipigia simu akasema ana neno ambalo haliwezi kusemwa kwa simu. Nilibeba darubini ya mume wangu. Sijui kwa nini niliibeba. Ilikuwa imening'inia mlangoni, na mkono uliichukua.

Nilipofika bomani Lekishon alikuwa amesimama langoni na fimbo yake, shuka begani, kofia ya kanisani kichwani.

"Takwenya, Ng'oto Naserian."

"Iko," niliitikia salamu yake.

Ng'oto Naserian ni mama yake Naserian. Naserian ndiye mtoto wetu wa pekee. Analima vitunguu Entarara, karibu na Loitokitok. Lekishon huniita hivyo akiwa na jambo zito. Siku za kawaida huniita Mwalimu, kwa sauti ya mtu anayejiandaa kusahihishwa.

Nilisema nataka kupanda mgongo kwanza, chai baadaye. Alitazama fimbo yake.

"Mwalimu, huko juu imebadilika."

"Imekuwaje?"

"Tupande tu. Utaona na macho yako."

Kwa hiyo nilipanda nikijua. Hakuna aliyenificha lolote siku ya jana. Nilijua tulipovuka migunga ya chini na kutokuta kivuli mahali ambapo kivuli huanza. Nilijua kwa miguu kabla ya macho, maana udongo ulikuwa mgumu na mkavu pale ambapo zamani tulikuwa tukiteleza kwenye majani yaliyooza.

Juu hakuna msitu.

Nitaeleza nilichokiona kwa utaratibu, kama tulivyokuwa tukifanya, kwa sababu utaratibu ndio nilio nao.

Mitarakwa yote imekatwa. Visiki vyake ni vyekundu katikati, na vimekatwa kwa msumeno wa petroli, ule ambao watu huuita pawa, maana sura yake ni laini kama meza. Bado vinanukia. Ni harufu ya penseli inayochongwa, harufu ya darasa langu saa mbili asubuhi kabla sijaanza kusema. Niliinama nikainusa. Nilitarajia kwamba itanifanya kitu. Haikunifanya kitu. Nilisimama, nikapangusa magoti.

Mizeituni mwitu imekatwa pia. Mahali palipochomwa makaa pana miviringo myeusi ambayo hata magugu hayajaithubutu. Kwingineko leleshwa imeanza kuingia na majani yake ya kijivu, na mitunguja yenye matunda ya njano, mimea ambayo mtu huiona kando ya kila barabara. Ile mimea ya ndevu, ambayo ilining'inia kwenye matawi na kuyanywesha ukungu wa asubuhi, haipo, kwa kuwa matawi hayapo. Ukungu wenyewe ulikuja jana kama desturi yake. Ulipita juu ya visiki ukaenda zake.

Kuhusu ndege, nilidhani nitakuta kimya. Ndivyo watu huandika: msitu ukikatwa, kimya hutanda. Si kweli. Mgongo una kelele kuliko zamani. Kuna shore wanaobishana juu ya leleshwa, kuna kuzumburu wenye mikia mirefu wakitambaa kama panya kwenye mitunguja, kuna kwezi waliojipanga juu ya visiki waking'aa jua lilipotokeza. Ukikaa mahali pamoja utaona ndege wengi zaidi ya wale tuliowahi kuwaona kwa asubuhi nzima, kwa sababu hakuna kinachowaficha.

Ni ndege wa Kitengela. Wote hao ninawaona hapa kutoka dirishani. Wamepanda mlima.

Shorobo hakutokea. Shorobo ni yule ndege wa kijani ambaye akiruka mabawa yake hufunguka mekundu kabisa; mume wangu alisema ni kama mtu aliyevaa koti la heshima na kuficha shuka ndani. Anahitaji miti mirefu inayogusana, maana haruki vizuri, hukimbia matawini. Nilisimama pale tulipokuwa tukimsubiri. Nilisubiri muda mrefu kuliko inavyofaa. Lekishon hakuniharakisha. Alikaa juu ya kisiki, kisha akaona kwamba nimemwona amekaa juu ya kisiki, akasimama.

"Hiyo ndege ya kijani ilienda," alisema.

Nataka kuweka wazi kwamba sikumsahihisha. Kwa miaka yote tuliyojuana sijawahi kuiacha sentensi ya namna hiyo ipite. Naye alilingoja sahihisho lake, akaniangalia, likakosekana. Nadhani hapo ndipo alipoogopa.

Tulikuwa tunageuka kushuka ndipo alipokuja ndege wa asali.

Kwa wasiomjua: ni ndege mdogo wa rangi ya majivu asiye na uzuri wa kutajwa. Humwona mtu, humkaribia, hupiga kelele kama kiberiti kinachotikiswa kwenye kisanduku chake, kisha huruka mbele kidogo na kusubiri afuatwe. Humpeleka mtu hadi kwenye nyuki wa mwituni. Mtu huchukua asali, ndege huachiwa sega. Wamaasai humjibu kwa mluzi ili ajue kwamba wanakuja. Ni mapatano ya zamani, na pande zote mbili huyaheshimu.

Jana alikuwa akitoka kisiki hadi kisiki.

"Hii haina habari ya kwamba miti iliisha," Lekishon alisema. "Tufuate ama tuache?"

"Tufuate," nilisema.

Alipiga mluzi. Ndege akajibu, akaruka. Tulimfuata wazee wawili, mmoja ana goti bovu na mwingine ana kifua, tukikwepa matawi makavu yaliyoachwa na wakataji. Kama kuna aliyetuona kutoka bondeni alituona vizuri sana.

Alitupeleka kwenye mti.

Nasema mti kwa sababu ulikuwa umesimama. Mzeituni mwitu wa kale, mnene, uliojikunja kama nguo iliyokamuliwa, una shimo kiunoni, na nyuki wanaingia na kutoka. Tulikuwa tukikaa chini yake, mimi na mume wangu, umbali wa kutosha, tukinywa chai ya chupa. Ndege alitua kwenye tawi la juu akanyamaza. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

Nilitazama shina. Halikuwa na alama hata ya panga.

"Nyuki ndio waliouokoa," nilisema. "Wakataji waliogopa kuumwa."

Lekishon alichora kitu mchangani kwa ncha ya fimbo, akakifuta kwa kiatu.

"Hapana, Mwalimu. Nyuki ni moshi tu, zinatoka. Ni mzee alikataza."

"Mzee gani?"

"Ndugu yangu."

Kisha akanieleza, na neno lililokuwa haliwezi kusemwa kwa simu ndilo hilo. Sitaliandika kwa maneno yake yote. Kiangazi kile kirefu kilikuwa kimemaliza ng'ombe wa Lekishon, na hilo nililijua. Nilikuwepo walipoburutwa nje ya boma mmoja baada ya mwingine. Nisilolijua ni kwamba mume wangu, kabla hajalazwa, alipanda mgongo na ndugu yake, akipumzika kila hatua chache, akaonyesha kwa fimbo. Alisema miti yote ikatwe, iuzwe kwa nguzo na kwa makaa, na Lekishon ajirudishie mifugo. Walipofika kwenye mzeituni huu alisema usiguswe. Alisema ni wa Mwalimu.

"Hiyo miti ilishuka na lori," Lekishon alisema, "ikarudi na miguu minne." Alijaribu kucheka. Ni utani alioutumia kwa wengine, bila shaka, na kwa wengine ulifaa.

"Mbona hakuniambia?"

"Wewe ungekubali?"

Nilihamisha darubini kutoka bega hili hadi lile.

"Sasa unaona. Alisema miti itamea. Lakini mtu akikaa bila ng'ombe mpaka azeeke, hiyo haimei tena."

Mtaniuliza nilihisi nini. Nimejiuliza njia nzima ya kurudi. Nilimsikia Lekishon kama mtu anavyosikia redio ya jirani kupitia ukutani: kila neno lilifika na hakuna lililokuwa langu. Niliwatazama nyuki. Walikuwa wakirudi na miguu ya njano, kwa hiyo mahali fulani bondeni kuna kilichochanua. Nilifikiri, ni nini kilichochanua mwezi huu? Hilo ndilo wazo nililokuwa nalo nilipoambiwa kwamba mume wangu aliukata msitu wetu na kunificha.

Mti mmoja.

Alikaa akafikiri juu yangu, akanipimia, akaona mti mmoja unanitosha.

Na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mzeituni ukikatwa huchipua kisikini, na mtarakwa ukikatwa hauchipui. Kwa hiyo aliposema miti itamea alijua ni ipi na ni ipi. Sasa najiuliza pia kwa nini alisisitiza azikwe Kitengela na si bomani kwao, chini ya mgongo, waliko wazazi wake. Watu walishangaa, nami nilisema anataka kuwa karibu nami. Huenda alitaka nisiwe na sababu ya kuja huku.

Huenda yote mawili. Sina nguvu za kuchagua.

Tuliposhuka niliviangalia visiki vya mizeituni, na ni kweli. Kila kimoja kina machipukizi pembeni, marefu kama kidole, mengine kama kalamu, majani yake yana ule upande wa chini wa fedha. Ni mengi. Mtu asiyeyajua anaweza kuyakanyaga. Nilianza kuyakwepa, na nilipotazama nyuma nilimwona Lekishon akiyakwepa pia, akiweka miguu pale nilipoweka mimi.

Bomani mkewe, Noolari, alikuwa ameandaa chai. Noolari ni mwanamke asiyejua kunyamazia jambo, na jana nilimshukuru Mungu kwa hilo.

"Ng'oto Naserian, umekonda kama fimbo ya kuchunga! Huko Kitengela wanakula nini?"

"Tunakula vizuri."

"Maziwa je? Ile maji nyeupe ya paketi?" Alinijazia kikombe hadi kikafurika kwenye sahani. "Kunywa. Hii imetoka kwa kitu iko na mkia."

Nilikunywa. Lekishon alitoka, akarudi akimvuta ndama jike kwa kamba. Ni mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Miguu yake ya mbele ilikataa kuingia kwenye kivuli cha nyumba, Noolari akamsukuma kwa goti.

Lekishon alivua kofia. Alisema mama wa ndama huyu alipatikana kwa mitarakwa ya mgongoni, na huyu ndiye wa kwanza kuzaliwa humu bomani tangu kiangazi. Alisema ni wangu. Alisema tangu siku hiyo hataniita tena Mwalimu wala shemeji.

"Nitakuita Paashe. Na wewe uniite Paashe."

Lazima nieleze, maana wengi mtaona ni zawadi tu. Kwa Wamaasai, mtu akikupa mnyama, nanyi mkakubaliana, jina la mnyama huyo huwa ndilo mnaloitana hadi kufa. Wa ng'ombe mkubwa huitana kwa ng'ombe, wa kondoo kwa kondoo. Wa ndama huitana Paashe. Mume wangu alikuwa na mtu wake wa kondoo huko Loitokitok, na kila walipokutana majina yao ya kuzaliwa yalitupwa kando. Wanaoitana hivyo hawashtakiani. Hawakatazani maji wala nyasi. Jambo lolote lililokuwa kati yao kabla ya mnyama linakuwa limekwisha, na kulirudia ni aibu ya yule anayelirudia.

Na kulikuwa na neno la pili. Mbuzi wa Lekishon wako kwa rafiki upande wa Loitokitok, ambako nyasi zimekwisha. Watarudi mwezi huu ukimalizika. Anataka wapande mgongoni.

Mgongo ule ulipogawanywa ulikuwa fungu la mume wangu, na sasa ni langu na Naserian. Lekishon hawezi kuingiza mbuzi bila neno langu, na kwa kuwa ni mtu mnyofu hataingiza. Lakini mbuzi wakipanda, machipukizi yale yatakwisha kabla ya Krismasi. Mbuzi hula chipukizi la mzeituni kama mtoto anavyokula sukari. Kisiki kikiliwa mara kadhaa hukata tamaa, na hapo hata ile nusu ya maneno ya marehemu iliyokuwa kweli itakuwa uongo.

"Nitafikiri," nilisema.

"Ndama haifikiriwi, Mwalimu. Inapokewa."

"Hata hivyo nitafikiri."

Noolari aliniangalia, akamwangalia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitafuta la kusema akalikosa. Ndama alianza kulamba sahani yangu ya chai.

Nililofikiri pale, huku nikimtazama ndama, ni hili. Wamaasai wenyewe wana neno: olopololi. Ni malisho yaliyofungwa karibu na boma, hayaingiwi na mifugo mikubwa wala ya wengine, huachiwa ndama na wanyama wagonjwa. Mwenye mahali akisema olopololi, kila mtu huheshimu, hakuna haja ya seng'enge. Ningeweza kulisema neno hilo kwa mgongo mzima. Ningeweza kulisema jana, kabla chai haijapoa. Lekishon angeinamisha kichwa. Na mbuzi wake wangerudi kutoka Loitokitok wakute wamefungiwa na mke wa ndugu yake, Mkamba aliyekuja na vitabu, ambaye watu wa boma hili walimkubali alipokuwa hana lolote isipokuwa mume.

Sina mtoto wa kiume. Ndugu zangu wa Makueni wamekwisha. Nikiugua, watakaokuja hospitalini na maziwa kwenye chupa ni Lekishon na Noolari. Ninalijua hilo, nao wanalijua, na hakuna aliyekuwa na ukosefu wa adabu wa kulitaja.

Nilipokea mkono, nikaaga. Nilisema chai ilikuwa nzuri. Pikipiki iliyonileta ilikuwa ikinisubiri chini ya migunga, nami nilitoka langoni nikaanza kushuka njia peke yangu.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo lililonirudisha kwenye shajara hii.

Nilikuwa nimefika nusu ya njia. Nilikuwa sifikirii lolote; nilikuwa nikitazama mahali pa kuweka mguu. Nyuma yangu Lekishon aliita. Hakuita kwa nguvu. Aliita kama mtu anavyomkumbusha mwenzake kitu alichosahau.

"Paashe!"

"Naam?" niliitika.

Niligeuka, nikasimama wima, nikamtazama.

Miaka yote ile darasani nilifundisha jambo hilo kabla ya kufundisha herufi: ukiitwa, itika, geuka, mtazame anayekuita. Mwanafunzi aliyesema "Eee?" aliitwa upya hadi aitike vizuri. Nilijifunza mwenyewe kwa kuwafundisha wengine, hadi mwili ukaweza kulifanya bila mimi. Na jana mwili ulilifanya bila mimi.

Noolari alikuwa kando ya lango. Alipiga makofi mara moja, akatia vidole mdomoni.

"Ameitika! Umesikia? Ameitika!"

Lekishon hakucheka. Nadhani hakutarajia. Alisimama na ile darubini mkononi, maana ndiyo niliyokuwa nimesahau juu ya kigoda, na ndiyo iliyomfanya aniite. Alinijia taratibu, akanipa kwa mikono miwili. Alikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na hajui kama ni halali yake.

"Sitasema umekubali," aliniambia. "Utasema mwenyewe."

"Nitasema mwenyewe."

"Lakini uliitika."

"Niliitika."

Ndivyo tulivyoachana.

Usiku Naserian alinipigia kutoka Entarara. Alikuwa ameshasikia; Noolari ana simu na hana breki. Nilimuuliza kama alijua habari za miti. Alijua. Baba yake alimwambia hospitalini, akamwomba anyamaze hadi nitakapopanda mwenyewe. Niliuliza kwa sauti ya kawaida na akajibu kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaoulizana bei ya vitunguu.

"Mama, chukua hiyo ndama. Baba alikuwa ameshaamua."

"Baba yako aliamua bila mimi."

"Ndiyo. Sasa wewe amua bila yeye."

Hakusema kwa ukali. Nilikaa na simu sikioni baada ya yeye kukata.

Leo asubuhi niliamka nikangoja hasira. Niliona kwamba ninastahili kuwa nayo, kwa kuwa nimedanganywa na mume na mtoto. Nilikaa kitandani nikaingoja kama fundi aliyeahidi kuja. Haikuja. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama kaburini. Kunguru wawili walikuwa wakigombana juu ya waya wa umeme, wale wa Kitengela wenye fulana nyeupe. Nilimwambia marehemu: mti mmoja. Nililisema kwa sauti, kwa matamshi mazuri. Kisha niliona magugu yameota kando ya saruji, nikayang'oa, na nilipoona chipukizi la mti nisioufahamu katikati yake niliacha mkono hewani.

Sikuling'oa. Sijui ni la nini. Ni kitu kidogo mno kuandikwa, lakini ndicho kitu pekee ambacho nimekifanya kwa makusudi tangu jana.

Nimejaribu kulipanga suala langu kama nilivyowafundisha wengine kupanga hoja, na halipangiki. Nikimpokea ndama, msitu umesamehewa, na mbuzi watapanda, maana Paashe hamkatazi Paashe nyasi. Nikimkataa, machipukizi yatakua, na nitayaangalia peke yangu kwa darubini, mwanamke mzee asiye na mtu wa kumwonyesha. Nikimpokea kisha niseme olopololi, nitakuwa nimekunywa maziwa na kuvunja kibuyu. Labda kuna njia ambayo mtu mwenye hisia angeiona mara moja. Ninashuku kwamba ipo. Ninashuku kwamba ndiyo maana mume wangu alikwenda kwa ndugu yake na si kwangu: kwangu angepata hoja.

Mbuzi watafika mwezi ukimalizika. Mpaka wakati huo Lekishon hatapiga simu, ninamjua. Ndama amefungwa kando ya nyumba ya Noolari, na Noolari ameniambia kwa ujumbe kwamba hawampi jina, wananingojea mimi.

Ninachopaswa kukiamua si kikubwa kwa sura. Ni kama jana pale njiani niliitika, au niligeuka tu. Wanaofahamu mambo ya mila watasema hakuna tofauti. Wanaonifahamu mimi watasema nilitimiza adabu. Nitapanda tena mgongo kabla mbuzi hawajarudi, peke yangu, bila darubini, nikae chini ya ule mzeituni nijue. Nikishajua nitaandika hapa, hata kama ni sentensi moja. Mtaielewa kwa jina nitakalolitumia kumtaja Lekishon.